Kile kiwanja cha Hopkins

Tangu nirushe zile picha za kiwanja cha ufukweni katika kijiji cha Hopkins, Belize, kwenye kundi la familia, simu yangu haijapumzika. Kaka yangu wa Kilifi ameuliza mara tatu kama nimeshanunua. Binamu yangu wa Muscat anataka bei tu. Shangazi, ambaye hajawahi kunificha neno, ameuliza nchi yenyewe iko wapi, na kwa nini mtu aliyezaliwa Takaungu, bahari iko mlangoni, aende akatafute bahari ya watu. Swali la shangazi ndilo zito, basi naanza na lake.

Belize iko Amerika ya Kati, kaskazini yake Mexico, magharibi na kusini Guatemala, na mashariki bahari ya Karibi. Waingereza waliitawala kama walivyotutawala sisi, ikapata uhuru tarehe 21 Septemba 1981. Kiingereza ndiyo lugha ya serikali, lakini ukishuka barabarani utasikia Kriol, yaani Kiingereza chao cha mchanganyiko, Kihispania, Kigarifuna na lugha za Wamaya. Kwenye sensa ya 2022 watu wa nchi nzima hawakufika laki nne. Kaunti yetu ya Kilifi peke yake ilihesabiwa zaidi ya milioni moja na laki nne mwaka 2019. Jeshi la Uingereza mpaka leo linafanya mazoezi yake ya msituni huko, kama linavyofanya Nanyuki. Dola mbili za Belize ni dola moja ya Marekani, na imekuwa hivyo tangu 1978. Hesabu yake nyepesi, ila kila ukiambiwa bei uliza ni dola zipi, maana dalali hutaja za Marekani na mama wa sokoni hutaja za kwao.

Kutoka Houston, ambako huu ni mwaka wangu wa 19 nafanya uuguzi, ndege inafika kwa saa mbili na nusu hivi. Kwenda Mombasa ni usiku na mchana angani na kwenye viwanja vya ndege, na nauli yake naiwekea akiba mwaka mzima. Shangazi, jibu la kwanza ndilo hilo. Nilitaka bahari ninayoweza kuifikia nikipewa likizo ya siku nne.

Jibu la pili lilikuja na harufu. Usiku mmoja wodini, kama saa nane hivi, shoga yangu tunayefanya naye zamu alifunua bakuli lake kwenye chumba cha kupumzikia, na mimi nikageuka kabla sijajua kwa nini nageuka. Wali wa nazi. Wali umepikwa pamoja na maharage mekundu, tui limekolea, punje zimeachana. Yeye ni mtu wa Dangriga, mji wa pwani kusini mwa Belize. Akaniambia kwao hicho ni chakula cha Jumapili, na anayekipika bila tui hana haya. Tangu usiku ule nikaanza kumuuliza habari za kwao, na ndipo aliponiambia niende mwezi wa Novemba nikaione sikukuu yao.

Nilikwenda Novemba 2022. Kimbunga Lisa kilikuwa kimeingia nchi kavu karibu na Belize City tarehe 2 ya mwezi huo, na nilipofika mjini bado mapaa mengine yalikuwa yamefunikwa maturubai. Nilipanda basi. Mabasi yao ni yale ya shule ya Marekani yaliyostaafu, viti vyake vilitengenezwa kwa miguu ya watoto, na muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Tukapita Belmopan, mji mkuu. Wengi hawajui kwamba mji huo umejengwa kwa sababu ya maji: mwaka 1961 kimbunga Hattie kiliivunja Belize City na kuua mamia ya watu, na serikali ikaamua kuhamia bara, mbali na bahari. Ilihamia rasmi 1970. Nilikuja kulikumbuka jambo hilo baadaye, nimesimama kwenye kiwanja.

Belmopan alipanda mtoto mwenye beseni la peremende. Nikanunua kipande kimoja cha kahawia, nikauma, ikawa kashata ya ufuta, ile ile. Wanaiita wangla. Nilimtumia sauti mwenzangu mmoja Mkongo, kwao Matadi, akaniambia ufuta kwao unaitwa wangila. Neno lilivuka bahari kwenye merikebu za watumwa na bado limo midomoni mwa watoto wanaouza kwenye basi. Nilibaki nalo kinywani muda mrefu.

Baada ya Belmopan barabara ya Hummingbird inapanda na kushuka kati ya vilima vya mawe ya chokaa vilivyofunikwa msitu, halafu inateremka kwenye mashamba ya machungwa ya bonde la Stann Creek. Nimesafiri barabara nyingi na hii naiweka juu kabisa. Kaa upande wa dirisha.

Sikukuu niliyoijia ni ya Wagarifuna, watoto wa Waafrika na wenyeji wa kisiwa cha St Vincent. Waingereza waliwapiga vita, na mwaka 1797 wakawapakia merikebuni na kuwatupa kisiwa cha Roatán, Honduras. Kutoka hapo wakatapakaa pwani yote. Tarehe 19 Novemba wanakumbuka kufika Belize kwa mitumbwi mwaka 1832, na ni sikukuu ya taifa. Kabla ya jua kuchomoza watu wamejaa ufukweni. Kisha zinaonekana: mashua zinakuja kutoka gizani, zimepambwa makuti, ndani yake wamebeba mihogo na migomba michanga na vyungu, na ngoma zinalia juu ya maji kabla hujaona uso wa mtu. Bibi mmoja kando yangu alilia bila kujifuta machozi. Sikuelewa hata neno moja la wimbo wao, na mwili wangu ulikuwa umesimama nywele.

Nililala Hopkins, kijiji cha Wagarifuna kusini ya Dangriga, katika chumba cha kukodi kwa mama mmoja mzee. Nitamwita Bibi, kama nilivyokuwa nikimwita huko. Alinifundisha kusema buiti binafi kila asubuhi na seremein kila ninapopokea kitu. Hopkins yenyewe imezaliwa na kimbunga. Kijiji cha kwanza, Newtown, kilikuwa juu kidogo pwani hiyo hiyo, kikavunjwa na upepo mwaka 1941, na watu wakahamia hapa mwaka uliofuata. Jina ni la askofu Mkatoliki aliyekufa maji.

Siku ya pili Bibi alipika hudut. Jamani, nilidhani niko jikoni kwa nyanya yangu. Kinu cha gogo, mrefu kufika kiunoni. Ndizi mbichi na chache mbivu zimechemshwa, anazitwanga, anatia kidole majini, anageuza donge, anatwanga tena, mpaka likawa laini linavutika. Jiko la pili lina samaki ndani ya tui, lina bamia na majani fulani ya harufu yaliyonikumbusha kotimiri, bila manjano, na hapo ndipo upishi wao na wetu unapoachana. Alikuwa anakuna nazi kwa kipande cha bati kilichotobolewa misumari, na kila mara anasimama kufuta kidole kinapochunika. Nikamuuliza kama hajawahi kuona mbuzi ya kukunia. Nikamchorea kwenye karatasi: kiti kinachokunjwa, ulimi wa chuma wenye meno, unakaa juu yake kama unapanda. Alicheka sana, akaibandika karatasi ile kwenye friji.

Asubuhi ya mapema tulikula maandazi. Wanayaita fry jacks, yanakaangwa yakavimba, na huliwa na maharage yaliyopondwa na yai. Hiliki hayana. Mengine yote ni maandazi.

Kwa mgeni anayekwenda kutembea tu, nchi hii ina vitu vingi kwa udogo wake. Tumbawe lao linakwenda kama kilomita 300, na liko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1996. Mwaka 2009 lilitiwa katika orodha ya yaliyo hatarini, na likatolewa 2018 baada ya serikali kupiga marufuku kwa sheria kutafuta mafuta baharini na kukaza sheria za mikoko. Mimi nilikwenda South Water Caye, kisiwa kidogo kilichokaa juu ya tumbawe lenyewe. Unaingia majini kutoka mchangani na hatua chache mbele samaki taa anapita chini ya tumbo lako. Lile shimo kubwa la bluu linaloonekana kwenye kila tangazo, upana wake mita 300 hivi na kina zaidi ya 120, liko mbali na ni la wazamiaji. Sikwenda na sijuti. Cockscomb, hifadhi ya chui wa huko, jagwa, nilikwenda, nikaona nyayo tu matopeni, bado mbichi, na hiyo ilinitosha. Na kule magharibi, Xunantunich, nilivuka mto Mopan kwa pantoni inayozungushwa kwa mkono, mwendesha pantoni akaniachia nizungushe mwenyewe, kisha nikapanda jengo la Wamaya la mita 40 ambalo ukiwa juu unaiona Guatemala.

Sasa kiwanja.

Siku ya mwisho ya safari ile dalali alinionyesha kiwanja kando ya bahari kusini mwa kijiji, upande ambao wageni kutoka Marekani na Kanada wamejenga. Dola 68,000 za Marekani. Minazi minne, mchanga wa rangi ya asali, upepo. Belize mgeni anaruhusiwa kumiliki ardhi moja kwa moja kwa jina lake, bila mshirika mwenyeji na bila kampuni, na nchi chache za kitropiki zinakupa hivyo. Mgeni hulipa ushuru wa stempu wa 8%, mwananchi 5%. Wakili mara nyingi huchukua kama 2%. Kwa kiwanja kile ilikuwa dola 6,800 nyingine juu ya bei, na hakuna dalali aliyezitaja mpaka nilipouliza. Nilipiga picha, nikazirusha kwenye kundi, na hapo ndipo nilipojitia matatani nanyi.

Kabla ya uuguzi nilifanya kazi miaka minne katika ofisi ya wakili Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kupeleka na kurudisha karatasi za ardhi. Kwa hiyo nilirudi Houston bila kulipa senti, nikatafuta wakili wangu mwenyewe huko, ambaye hajawahi kula chai na dalali, nikamwomba afanye upekuzi wa daftari la ardhi huko Belmopan. Nilipoletewa nakala nilishangaa. Sheria ya kwetu Kenya ya ardhi iliyosajiliwa, ya mwaka 1963, ilichukuliwa kuwa kielelezo katika visiwa vingi vya Karibi, na daftari la Belize linafuata mwendo huo huo: namba ya bloku, namba ya kipande, sehemu ya mali, sehemu ya mwenye mali, sehemu ya mizigo, yaani madeni na madai yaliyo juu ya ardhi. Nilikuwa nasoma karatasi ya nchi ya watu kana kwamba niko kaunta ya Mombasa mwaka 2002. Na pale chini, sehemu ya mizigo, palikuwa na zuio, yaani mtu ameandikisha dai lake ili ardhi isiuzwe.

Dalali hakuwa amelisema. Mtu wa kijijini alikuwa ameliweka, akidai kiwanja ni cha urithi wa nyumba nzima na kimeuzwa na mmoja. Dalali nilipompigia akaniambia ni jambo dogo, litaondolewa, nitume amana nishike nafasi kwanza. Kila ardhi mbaya niliyowahi kuona karatasi zake ilikuwa na mtu anayesema tuma amana kwanza. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Marekani ilikwenda mahakamani kusimamisha mradi mkubwa wa viwanja katika wilaya hiyo hiyo ya Stann Creek, uliokuwa ukiuzwa kwa Wamarekani kwa matangazo na simu, na watu walipoteza akiba za uzeeni. Wengi wao walilipia kipande walichokiona kwa ziara moja yenye chakula kizuri.

Nikasema nitarudi wakati ambao mauzo hayapendezi. Nikarudi Julai 2023.

Bahari ilikuwa imeleta mwani, ule wa kahawia unaoelea kwa marundo kutoka Atlantiki. Kwetu mwani hutupwa na kusi, unakauka, unaondoka. Huu unarundikana mpaka magotini, unaoza, na harufu yake ni ya mayai viza; mapambo ya shaba yanageuka weusi. Vijana wa hoteli walikuwa wanausomba kwa toroli tangu alfajiri na kesho yake umejaa tena. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Nikaenda kiwanjani peke yangu na futi kamba.

Mbele, futi 66 za mwanzo kutoka alama ya maji kujaa ni za umma. Ni mnyororo mmoja wa mpima ardhi, kama mita 20. Minazi yangu minne yote ilikuwa ndani ya hizo futi. Nyuma, maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Kaa weupe wakakimbilia mashimoni. Nikatafuta bikoni, alama ya mpaka, ya kona ya magharibi, nikaikuta imezama kwenye udongo mwekundu ambao si wa pale, umeletwa na lori, na pembeni mwa udongo ule visiki vya mkoko vimekatwa sawasawa, mizizi bado imepiga magoti. Huko kukata mikoko kunahitaji kibali. Mtoto wa Takaungu hahitaji kuambiwa mkoko ulikuwa unafanya kazi gani mahali pale. Kusini zaidi, kijiji cha Monkey River, bahari imekula nyumba na makaburi.

Kisha wakapita wanawake watatu. Walitokea kwenye kichaka, wakakatisha katikati ya kiwanja kwa njia nyembamba ambayo sikuwa nimeiona Novemba, wana ndoo, wanakwenda zinakofikia mashua. Wakanisalimu. Mmoja akaniuliza kama ndiye mimi nitakayejenga.

Jioni nilimuuliza Bibi. Akasema njia ile ameipita tangu yuko mgongoni kwa mama yake.

Nyumbani kulikuwa na njia kama hiyo. Ilikuwa inatoka kisimani, inapita chini ya mkwaju, inashuka mpaka diko la wavuvi. Mwaka 1994 ulijengwa ukuta. Mwenye ukuta hatukumwona hata siku moja. Tulimwona mlinzi wake, na mbwa wake. Babu alikuwa akibeba nyavu kuzunguka karibu nusu saa, kwa miguu ya mtu wa miaka 70, mpaka akaacha bahari. Niliuchukia ukuta ule utoto wangu wote. Na sasa nilikuwa nimekaa kibarazani kwa mwanamke anayefanana na nyanya yangu, nina ramani ya kiwanja mapajani, na rangi ya kalamu niliyochorea uzio wangu ilikuwa bado mbichi.

Kaka, sijanunua. Wakili nimemlipa haki yake, dalali nimemwambia hapana kwa maandishi.

Binamu, wewe ukitaka kununua nakwambia hivi. Nenda mara mbili, na mara ya pili iwe kati ya Juni na Oktoba. Lipa wakili wako mwenyewe na uone nakala ya upekuzi kwa macho yako, si picha aliyokutumia muuzaji. Uliza kama ni hatimiliki kamili au ni ardhi ya serikali iliyokodishwa, maana hizo mbili huuzwa kwa maneno yanayofanana. Tazama vilima vya Cayo, wilaya ya bara upande wa magharibi, kabla ya ufukwe. Huko maji si adui wa kila mwaka, na bei ni nyingine. Ukitaka kukaa kabisa, kuna mpango wa wastaafu wenye kipato cha dola 2,000 za Marekani kwa mwezi, au ukae mwaka mzima bila kutoka zaidi ya siku 14 ndipo uombe ukaazi wa kudumu. Na kwa kuwa una sukari, nasema kama muuguzi: hospitali ya rufaa ya taifa iko Belize City, na kutoka pwani ya kusini ni safari ya saa kadhaa. Pima hilo kabla ya kupima mandhari.

Mimi nimekodi kile chumba cha Bibi kwa wiki tatu kila Novemba. Ana mapatano na mimi kwamba nipike siku moja kwa juma, na ameshasema anataka samaki wa kupaka.

Mbuzi ilifika kutoka Mombasa juzi. Kaka aliituma na mtu, imefungwa kwenye kanga mbili, ulimi umezungushiwa gazeti. Ni ya mti mgumu, inanukia nta mpya. Nimeipima, inaingia kwenye sanduku langu ikiwa imekunjwa, na nafasi inayobaki inatosha pakiti tatu za hiliki.